Kisogo cha Baba wa Bibi Arusi

...na sasa amehamia nyuma yangu, hatua mbili, nimezisikia kwenye saruji, kioo kinanionyesha shuka jeupe shingoni na juu yake uso wa mtu wa miaka hamsini na sita, umetulia kuliko nilivyotarajia, dakika nne tangu niketi, na mwezi uliopita niliinuka katika dakika ya kwanza, wiki iliyopita katika ya tatu, kichwa kikiwa nusu, nikadai nimeacha chai jikoni, na huyu Khisa kinyozi akanifuata hadi mlangoni akicheka, "Mzee Nderitu, utapita mtaa wote wa Huruma hivyo, nusu shamba, nusu msitu?"... leo hacheki, anabinya mashine ya mkono, kra, kra, redio inasoma matangazo ya vifo, mkulima fulani wa Turbo, ameacha mjane na watoto tisa, na mimi kwa miaka yote ishirini na sita ya ndoa sikumruhusu mtu asimame nyuma yangu isipokuwa Nduta, mke wangu, aliyeninyoa uani bila kuniuliza sababu, naye tulimzika mwaka jana, na Jumamosi hii Waceke wetu anaolewa, baba wa bibi arusi huketi benchi la kwanza, watu mia mbili na arobaini nyuma ya kisogo chake, kadi nilizihesabu mwenyewe, mimi ambaye kila Jumapili huketi benchi la mwisho, mgongo ukutani... "Baba, ukishindwa nitaingia peke yangu," aliniambia Waceke, wala hakuwa na hasira, ndiyo maana iliniuma... hapo ndipo nilipokwenda kwa Mama Namalwa, jirani yangu, muuguzi mstaafu, nikiwa na karatasi yenye dalili kumi na saba zilizopangwa kwa namba, nikamweleza kwamba kizuizini, enzi za mkoloni, nilikaa miezi hamsini, na tangu nitoke imepita miaka ishirini na tisa, hivyo kwa uwiano kupona kungepaswa kuwa... "Wacha hesabu!" akanikata, "unataka nikupe ratiba kama ya garimoshi?" kisha akanisogezea kikombe, "Mtu akiumia mara moja, mimi namfunga bandeji. Wewe uliumizwa leo juu ya jana, miaka minne, na waliokuumiza ndio hao hao waliokulisha. Hicho si kidonda kimoja, Mzee"... Alhamisi saba tumezungumza hivyo barazani kwake, tukinyamaza kila mpita njia anapokaribia, maana siku hizi hata ya zamani husemwa kwa sauti ya chini, nikamsimulia filimbi ya asubuhi, tulivyochuchumaa watano watano, mikono kichwani, askari akipita nyuma yetu akihesabu kwa rungu, na baadhi ya vichwa akivigusa tu, vingine akivipiga, nami nikatafuta kanuni, kila cha saba, kila cha kumi na moja, majuma na majuma nilitafuta, maana penye kanuni mtu anaweza kujiandaa... haikuwapo... "Inamisha kichwa kidogo, Mzee," mkono kisogoni, vidole vina joto, vinanukia sabuni, ni Khisa huyu, ni mwaka wa themanini na saba, mlango uko wazi, kushoto kwangu, hatua tano... nimeinamisha... na Alhamisi iliyopita nilimweleza Namalwa kazi yangu ya upimaji ardhi, jinsi unavyozunguka shamba kigingi hadi kigingi mpaka ulipoanzia, na hesabu haifungi kamwe, daima hubaki kosa dogo, na mpimaji mvivu hulitupia kigingi cha mwisho lote, kikaishia katika mahindi ya jirani, bali mwenye ujuzi huligawa, kila upande hubeba sehemu yake kwa kadiri ya urefu wake, "Kumbe unajua dawa," akasema Namalwa, "na lako, Mzee, umelitupia kigingi gani?" jibu lilikuwa jepesi, kigingi ni kimoja, ndicho hiki kilichoketi hapa... mashine imenyamaza. "Mzee, hapa kuna kovu." Najua. "Nikuachie nywele kidogo zilifunike? Watu wa arusi wana macho, na wale wageni wa mtaa wa Langas wana midomo pia"... nilianguka kutoka kwenye lori, hilo ndilo jibu, limekaa ulimini miaka yote hii, Waceke analijua lori hilo, Nduta alizikwa akiliamini au akijifanya kuliamini, halihitaji hata kufikiriwa, na tazama, kwenye kioo mdomo wangu unafunguka, "Nilipigwa," nasema, sauti haitetemeki, "kambini, mwaka wa hamsini na sita, na askari, bila kosa lolote"... sehemu ndogo tu, upande mmoja wa shamba, na dari haikuanguka, redio imefika kwa marehemu mwingine, Khisa amesimama na mashine hewani, kijana wa watu, hakuwa amezaliwa, "Pole sana, Mzee," anasema, anapuliza nywele kwenye meno ya mashine, "basi nilizunguke?"... mlango bado uko wazi, hatua tano, nami sizitaki... "Usilizunguke. Nyoa, Khisa, watakaoketi nyuma waone," na chuma baridi kinagusa ngozi, na shingo yangu, bila kuamrishwa na mtu, inainama zaidi.