Jina la Thrasivulos

Shemeji yangu Thrasivulos alikuwa kiungo wa timu ya mpira, na sisi ndio tuliolipia. Alicheza miaka kumi na saba: hapa kwetu Kavala, Thesaloniki, Krete, mwisho Kupro, magoti yalipoanza kumgomea. Pasi zake zilisifiwa kila mahali. Nyumbani hakumpa pasi mtu yeyote. Dada yangu Evanthia alimzaa Miltos mume akiwa kambini. Miltos alipopasuliwa kidole tumbo, baba yake alikuwa ugenini akipiga kona. Aliyekimbilia hospitali na unga mikononi ni mimi, Anestis, mwoka mikate, mjomba mtu.

Alipostaafu, kazi ya ukocha hakupewa. Mlinzi wa uwanja akamdai tiketi, kwenye mlango uleule alipozoea kubebwa juu juu na mashabiki. Alirudi nyumbani amenywea. Sikumwonea huruma hata chembe.

Basi Miltos akapata mtoto wa kiume. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na hakuna anayeuliza. Mpaka siku ya ubatizo anaitwa Mtoto tu, hadi msimamizi alitamke jina mbele ya padri. Thrasivulos hakungoja. Alizunguka mikahawa ya bandarini akiwanunulia watu pombe kali ya tsipuro.

“Thrasivulos mwingine amekuja mjini,” akawa anawaambia. “Mimi mkinisahau, potelea mbali. Jina mtalisikia tena uwanjani.”

Nikamvuta pembeni. “Umemuuliza Miltos?”

“We oka mikate yako, shemeji. Haya ni mambo ya baba na mwana.”

Baba na mwana, ati! Nilimeza hasira, nikarudi dukani.

Jumapili akaja kanisani na suti mpya, akasimama mbele kabisa, karibu na beseni la ubatizo. Mimi nilikaa nyuma na dada yangu. Padri akauliza jina la mtoto. Domna, msimamizi, akamtazama kwanza Miltos, kisha akasema kwa sauti ya kusikika:

“Anestis.”

Evanthia akanibana mkono hadi nikaumia. Naye hakujua. Kanisa zima likageuka kunitazama, na Thrasivulos akacheka kidogo.

“Amekosea huyu dada,” akasema. “Mwambie, Miltos.”

“Hajakosea, baba.” Miltos hakuinua uso. “Nimempa jina la mtu aliyekuwepo.”

Padri akaendelea na sala. Mtoto alilia alipotumbukizwa majini, akatolewa, akapakwa mafuta, akavishwa nguo nyeupe. Nilidhani Thrasivulos ataondoka. Hakuondoka. Ibada ilipokwisha akapanga foleni pamoja na wageni, nyuma ya majirani, akawapa wazazi mkono, kisha akaja kwangu, kwa sababu mwenye jina naye hupongezwa.

“Mungu amkuze,” akasema. “Aufikie umri wako na zaidi.”

Angenitukana ningejua la kumjibu. Miaka yote hiyo nilitaka siku moja aumbuke mbele za watu, na sasa nilitamani ardhi inimeze mimi.

“Sikuomba, Thrasivulos,” nikamwambia. “Naapa sikumwomba.”

“Najua,” akasema, bado ameushika mkono wangu. “Mimi ndiye niliyemwomba ampe langu.”