Pingili Iliyogandana na Nyonga

Mtaalamu wa dawa za usingizi na ganzi wa hospitali ile, wenzake walimwita Sindano Moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akimchoma mgonjwa mgongoni mara mbili. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kukiri.

Siku mke wa kaka yake alipoletwa kujifungua kwa upasuaji, alimwomba mwenzake ampishe. Mgonjwa huyu alikuwa wa nyumbani. Shemeji yake alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa maneno machache na mguu wa kushoto mwepesi ajabu. Wanafunzi walisema hukanyaga klachi ya mwalimu kabla gari halijajua kwamba linataka kuzima.

Akiwa ameketi ukingoni mwa meza ya upasuaji, amejikunja na kukumbatia mto, shemeji akamweleza kwamba aliwahi kuanguka akapigwa picha ya mgongo, na ikaonekana pingili yake ya mwisho kiunoni imegandana na mfupa wa nyonga. Amezaliwa hivyo. Daktari alimsisitizia amwambie yeyote atakayemchoma ganzi ya mgongo.

"Shemeji, leo umekuja kunifundisha mifupa," Sindano Moja akasema, na muuguzi akacheka.

Maana yake aliijua vizuri. Kidole huhesabu pingili kutoka nyonga kwenda juu, na moja ikigandana, hesabu yote inapanda. Unadhani umeshauacha juu mshipa mkuu wa fahamu, kumbe ncha yake ingali hapo hapo. Angeweza kushuka nafasi moja. Angeweza hata kuagiza picha ile itafutwe, maana mtoto hakuwa na haraka. Lakini chumba kilikuwa na macho mengi, na mkono ulikuwa umezoea. Akachoma pale pale pa kila siku.

Shemeji akashtuka mwili mzima, akasema umeme umemshuka mguu wa kushoto mpaka kidoleni. Sindano Moja akairudisha sindano nyuma kidogo, akaona maji safi ya uti wa mgongo yakidondoka, akasukuma dawa. Mtoto wa kiume akatoka na kilio cha afya.

Kesho yake ganzi ilikuwa imeuacha mguu wa kulia tu. Unyayo wa kushoto ulining'inia, na miezi minne ya mazoezi haikuuinua. Ndipo daktari mkuu akaitisha kikao. Kaka mtu alikuja, na mkewe na mkongojo wake. Daktari mkuu akauliza kama mgonjwa alitoa taarifa yoyote kuhusu mgongo. Sindano Moja akatazama faili, mahali alipoandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mgongo hauna tatizo.

"Hakuniambia," akasema.

Kaka akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa upole kama alisema. Ndugu hawa wawili walibaki yatima wakiwa wadogo, wakaleana. Shemeji alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akasema huenda alisahau. Muuguzi aliyecheka hakuitwa. Daktari mkuu akaandika kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kaka alipokwenda kuleta gari, wakabaki wawili koridoni. Sindano Moja alifungua mdomo, shemeji akainua kiganja.

"Nimekuachia kaka yako, kwa sababu hana mwingine. Msamaha usiniombe. Sina."

Siku hizi shemeji anakaa dirishani kwenye ofisi ya shule ya udereva, akiandikisha wanafunzi watakaofundishwa na wengine. Sindano Moja amepandishwa cheo. Anawafundisha wanagenzi, na kila mara huwahimiza wamsikilize mgonjwa. Akienda kwa kaka yake hupokewa vizuri, huandaliwa chakula, kisha shemeji anajifungia chumbani.

Mtoto ana miaka minne. Kaka alimpa jina halisi la mdogo wake siku ile ile aliyozaliwa, kwa shukrani, kabla mtu hajajua lolote. Watu wote humwita kwa jina hilo. Mama yake humwita "wewe".