Siku Kumi za Giza

Kuku wa Mama Hélène, hamsini na wawili, waliacha kutaga. Akaniita mimi, dada yake mkubwa wa mtaani, nimsaidie kupigilia maturubai kwenye madirisha ya banda. Giza siku kumi, maji kidogo, chakula kiduchu.

"Unaona, yaya Rosine, mwangaza inaingia mu macho ya kuku, inaamusha homoni, homoni inaamusha mayai. Ukizima, yote inalala, manyoya ya zamani inaanguka. Ukiwasha tena, kuku inataga sawa vile ingali kijana. Veterineri wa Banalia alinifundisha."

Nilielewa vizuri. Lakini mimi neno tamu silali nalo. Jioni ile nyumba yangu imejaa watu, mboga ya sombe iko motoni, nikasema: "Mama Hélène anavua kuku zake nguo!" Tulicheka mpaka machozi.

Siku ya tatu mtoto wa Félicité, mama anayepakana na banda, akaanza kuhara. Siku ya tano maneno yangu yakarudi kutoka bombani yamekua: kuku akivuliwa manyoya gizani, kuna mtoto anavuliwa nyama. Kwetu Mangobo, mama akishasemwa hivyo, kwamba ana kindoki, uchawi, akiwa na bahati anavuka mto na furushi kichwani, hageuki nyuma.

Nikamwendea. "Ondoa maturubai, dada. Watu wanasema."

"Nikifungua sasa, nimewatesa kuku bure. We uwaambie. Si unajua?"

Siku ya saba, mchana kweupe, walikuja. Mbele Timothée, baba wa mtoto. Nyuma yake mtaa mzima. Bandani kimya, kuku wote wale na hakuna hata mmoja anayelia. Mama Hélène alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Tonton Timothée, hii haiko kindoki, ni homoni. Uliza yaya Rosine. Anajua yote, alinisaidia kufunga."

Wakanigeukia. Hakuna hata mmoja wao ambaye hajala kwangu.

"Ya Rosine," Timothée akauliza polepole, "ulimusaidia?"

"Mi? Nani alisema? Mi sijue kitu ya kuku."

Mama Hélène alinitazama kidogo, kisha akasogea kando mwenyewe.

Timothée akapiga mlango teke. Mwanga ukaingia, na kuku, uchi, wekundu, wakainua vichwa kwa pamoja. Félicité akapiga yowe.

"Leteni petroli," mtu akasema mgongoni kwangu. Hakuna aliyeuliza ya nini. Mimi pia sikuuliza.