Sukari Kumi na Tisa

Amissi alikwenda kupigwa picha ya tumbo kwa sababu ya vijiwe vya figo. Vijiwe vilionekana, vidogo tu. Lakini aliyempiga picha aliendelea kusogeza kile chombo, akarudi palepale mara tatu, kisha akamwita mwenzake. Kwenye kichwa cha kongosho palikuwa na kifuko cha maji, ukubwa wa limau.

"Mi sisikii maumivu yoyote pale," Amissi aliwaambia, kana kwamba hilo lingekifuta.

Alikuwa na miaka sitini na saba, fundi wa kushona viti vya kitambaa pale mtaani Jabe. Moyo wake ulikuwa umeshadhoofika. Kila asubuhi alimeza dawa zake sambamba na mkewe, Mwantum, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari.

Daktari wao, Lisette, aliwaeleza kwamba vifuko hivyo si vya aina moja. Kipo ambacho mtu huzikwa nacho akiwa mzee bila kumdhuru, na kipo ambacho polepole hugeuka kansa. Picha peke yake haitofautishi. Lazima maji ya ndani yavutwe yapimwe. Mashine ya kuyavuta hakuwa nayo, ila mwezi wa tatu daktari mgeni angekuja nayo kwa wiki moja, katika kliniki ya Kinanira.

Siku ilipofika walimlaza Amissi, wakampitishia mpira mwembamba mdomoni hadi tumboni, na ndani ya mpira sindano. Mwantum alingoja kwenye benchi na binti yao, Fadhila. Lisette alipotoka alikuwa na kichupa kisichojaa hata robo.

"Yamekuja kidogo, Mama. Ni mazito, sindano imeshindwa kuyavuta. Tone moja nitapima sukari hapa. Yanayobaki tutatuma nje, waangalie seli."

Kimashine alichotoa mfukoni kilikuwa kama kile cha Mwantum cha nyumbani. Mwantum aliinama akasoma kabla ya daktari. Kumi na tisa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mi leo asubuhi nilikuwa na mia moja tisini."

Lisette alivua glavu taratibu. "Mama, hapa ni kinyume. Kwa damu yako tunapenda ishuke. Kwa maji ya kifuko, ikishuka hivi, inaonesha ni ile aina ya ute. Ndiyo ile inaweza kugeuka."

"Imeshageuka?"

"Sukari haisemi hiyo. Inasema aina tu. Seli ndizo zitasema."

Mwantum aliona haya kwa ile alhamdulillahi yake, kisha akaona haya kwa kuionea haya.

Majibu yalichukua wiki tano. Karatasi ilikuwa moja, kwa Kifaransa, na Lisette aliisoma mara mbili mbele yao. Seli zilizopatikana ni chache mno, hakuna wanachoweza kusema.

"Kwa hiyo Baba hana kansa?" Fadhila aliuliza.

"Haijasema hana."

"Basi anayo."

"Haijasema anayo."

Amissi aliweka mikono magotini. "Muniambie tu cha kufanya, docteur. Mi nitafanya."

Daktari mgeni alikuwa ameshaondoka na mashine yake, na siku ya kurudi haikujulikana. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema kukata mahali pale ni kazi ya saa nyingi, na kwa moyo ule mzee angeweza kufia mezani. Kama kansa ingekuwa ya hakika, angejaribu. Kwa labda, hapana. Kilichobaki ni picha kila miezi sita, na kuangalia macho yasije kugeuka manjano, dalili kwamba kifuko kinabana njia ya nyongo.

"Na kikionekana kimekua?" Mwantum aliuliza.

"Tutakaa tena tuongee, Mama."

Tangu hapo, kila asubuhi Mwantum alimsimamisha mumewe mlangoni penye mwanga, akamvuta ukope wa chini kwa kidole. Amissi alitulia, akaangalia juu ya kichwa cha mkewe. Dada yake Mwantum alileta majani ya kuchemsha, na Amissi aliyanywa ili wanawake wapoe.

Mwezi wa sita akaja mteja kutoka Kibenga, Gaëlle, na kitambaa cha kijani. Alitaka viti vinane kwa harusi ya mwanawe, mwisho wa mwezi wa kumi na moja.

"Inshallah," Amissi alisema.

"Apana, mzee. Unipe siku."

Amissi alimgeukia mkewe. Mwantum alikuwa ameshahesabu. Picha nyingine ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya harusi.

"Tarehe ishirini ya mwezi huo," Amissi alisema. "Uje na gari kubwa."

Gaëlle alipoondoka, walikunjua kitambaa sakafuni kukipima. Mwantum alishika ncha moja, na mumewe akarudi nyuma na nyingine mpaka kikanyooka.