Bawaba za Ghala

Pasi ya mkaa ilikuwa imeanza kupoa, na sketi ya buluu bado ilikuwa na mikunjo upande mmoja. Fundi aliifungua pasi, akapuliza makaa mpaka majivu yakamrukia usoni, akaifunga tena. Mkaa wenyewe siku hizi uliuzwa kwa kopo dogo la maziwa, na muuzaji alikuwa hodari wa kupanga vipande vikiwa vimesimama, ili kopo lijae hewa kuliko mkaa. Ukimwambia alishindilie kidogo, anakuuliza kama umekuja kununua au umekuja kufanya ukaguzi.

"Mama, utaiunguza," binti yake alisema.

"Nilianza kupiga pasi kabla hujazaliwa. Lete hilo shati nikaze kifungo."

Sketi ile Fundi aliishona mwenyewe kwa cherehani yake ya mguu, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Rangi yake ilikaribia ya shule, ingawa haikuwa yenyewe. Aligeuza upande wa ndani ukawa nje, akaitazama juani, akaitazama kivulini, akaridhika kwamba mtu asiye mchunguzi hatajua. Kisha akatia mkobani uzi, sindano na bisibisi fupi ya cherehani, maana jioni alikuwa na mashine ya mtu ya kwenda kurekebisha.

Mlangoni kigoda kilikuwa tayari. Shule wanayoiendea ndiyo kubwa kupita zote mjini, majengo yake ya ghorofa yamezunguka uwanja ambao ungetosha kijiji kizima, lakini tangu enzi za Fundi mwenyewe haijawahi kuwa na viti vya kutosha. Mwanafunzi huja na kigoda chake kichwani. Wakizidi hata pa kuweka vigoda, waliochelewa husimama nje na kusikiliza kupitia madirisha, na walimu huwaita "wa dirishani", utadhani ni jina la ukoo. Kigoda hiki kilichongwa na baba yake Fundi, seremala, miaka ile Fundi alipokuwa anasoma hapo hapo. Kwa kazi ya baba, na kwa wembamba wake, wenzake walimwita Msumari.

Binti alikuwa amefaulu, tena vizuri. Shida ilikuwa nafasi. Kila Fundi alipokwenda, karani wa shule alimwambia neno lile lile bila kuinua macho: "Shule imejaa, mama. Labda uwe na mtu." Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea wapya. Lakini leo hiyo hiyo wanafunzi wa zamani walikuwa wanakutana shuleni, na mgeni wao wa heshima alikuwa mtu aliyesoma na Fundi darasa moja. Sasa ndiye mkubwa wa elimu wa mji mzima.

"Ndiye Filimbi?" binti aliuliza. "Yule uliyembeba mgongoni?"

"Nyamaza, we mtoto. Leo anaitwa Mheshimiwa."

"Lakini si ndiye?"

"Ndiye."

Binti akacheka. Watoto wengine walibembelezwa kwa hadithi za sungura na fisi. Huyu alilala kwa hadithi ya ghala. Aliijua kama anavyojua njia ya kisimani. Kwamba siku moja walikuja wakaguzi, na mkuu wa shule, akitaka madarasa yaonekane yana watu wa kiasi, aliwafungia wanafunzi waliozidi ndani ya ghala la madawati mabovu. Wakaguzi wakapewa chai, chai ikazaa chakula. Huko ghalani, chini ya bati lililowaka jua, mvulana mwenye pumu, aliyeitwa Filimbi kwa sababu kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi, akaanza kuishiwa pumzi. Wavulana waliusukuma mlango upande wa kufuli mpaka wakachoka. Ndipo Msumari akakumbuka neno la baba yake: mlango si kufuli, mlango ni bawaba. Akatoa bikari kwenye mkebe wa hesabu, akavua kiatu, akazigonga pini za bawaba mpaka zikatoka, akianza na ya chini na kumalizia ya juu, ili mlango usimwangukie. Akambeba Filimbi mgongoni hadi katikati ya uwanja, mbele ya wakaguzi na vijiko vyao.

Kwa hilo alichapwa mbele ya shule nzima, kisha akafukuzwa muhula mmoja. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa cherehani.

Langoni karani alikuwa amesimama na kalamu ya risasi sikioni.

"Mama, umekuja tena?"

"Leo nimekuja kama mwanafunzi wa zamani."

"Ulimaliza mwaka gani?"

"Sikumaliza."

"Basi wewe si mwanafunzi wa zamani. Wewe ni mwanafunzi uliyeacha."

Sauti ikatokea nyuma ya Fundi. "Msumari! Ama kweli milima haikutani! Mwache apite huyo, bwana, huyu ni wetu." Alikuwa Mwenye Duka, aliyesoma naye darasa moja, tumbo limemtangulia, shati limembana kwenye vifungo. Fundi, kwa mazoea ya kazi, aliona kwamba kifungo cha tatu hakitafika jioni.

Turubai lilikuwa limefungwa karibu na mlingoti wa bendera. Watu walikaa kwenye viti vya kukodi wakinywa chai na biskuti, kila mmoja na mvi zake, lakini vicheko vilikuwa vya utoto.

"Mnamkumbuka mwalimu wa hesabu?" alisema mmoja wao, naye siku hizi ni mwalimu, shule ya mbali, na mumewe ni mgonjwa hapa mjini. "Anauliza swali ndani, anachapa nje!"

"Mimi alinichapa kwa kosa la mtu wa dirishani," alisema Mwenye Duka.

"Wewe ulistahili! Si ulikuwa unakodisha nusu ya kigoda chako?"

"Nusu tako kwa nusu mkate, dada. Biashara ilianzia hapo. Unafikiri duka limeshuka kutoka mbinguni?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Fundi naye alicheka, akajisahau kidogo. Binti alikuwa nyuma yake, kigoda mikononi, anatazama midomo ya hawa wazee na kungoja hadithi anayoijua.

Na hadithi ikaja. Mheshimiwa alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alikuwa amenenepa, na kifua hakikuwa na mluzi wowote.

"Ndugu zangu," alisema, "wengi mnaniuliza ujasiri huu niliutoa wapi. Niliutoa pale." Akaelekeza kidole nyuma ya jiko la shule. "Watoto wanalia, hewa hakuna. Nikawaambia: wenzangu, tulieni. Mlango si kufuli. Mlango ni bawaba!"

Watu wakapiga makofi. Fundi aliweka kikombe chini. Mengine angeweza kuyastahimili, lakini lile neno lilikuwa la baba yake, na baba yake alikuwa kaburini.

"Nikachukua bikari yangu," Mheshimiwa aliendelea, na jinsi alivyonogesha! Akaeleza alivyogonga, alivyomwinua huyu, alivyomvuta yule. "Na si maneno yangu tu. Msumari huyu hapa, alikuwepo. Msumari, hebu wasimulie mwenyewe."

Turubai lote likageuka. Waliokuwemo ghalani siku ile walikuwa pale pale. Mwenye Duka alikuwa anatazama viatu vyake. Alitaka apewe kazi ya kuleta madawati mapya. Mwalimu alikuwa anajifunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikulegea, alitaka uhamisho. Kila mmoja alikuwa na lake la kuomba, na ukiwa na la kuomba, ulimi unakuwa mzito kama mtungi. Pembeni karani alikuwa ametoa kalamu sikioni.

Fundi hakugeuka kumtazama binti yake. Lakini alizisikia pumzi zake.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema. "Ulitutoa."

Makofi yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza. Mheshimiwa akamshika bega, na Fundi hakungoja chuma kipoe. "Nina shida yangu ndogo. Mwanangu huyu amefaulu, lakini naambiwa hapa pamejaa."

"Pamejaa kwa nani? Kwa mwanao wewe?" Mheshimiwa akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Mkuu wa shule! Huyu apokelewe."

"Amekwisha pokelewa, Mheshimiwa," mkuu alisema, na karani akaandika pale pale.

Kazi iliyomshinda Fundi kwa majuma ikaisha kabla kikombe hakijapoa. Binti akasema ahsante kwa mkuu, akasema shikamoo kwa Mheshimiwa, adabu zote kamili. Kisha akamwuliza mama yake kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Mwanangu..."

"Nauliza tu, mama. Nijue nitakavyowasimulia wenzangu."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amefika, shada la funguo kiunoni. "Wapya wote na vigoda vyao, nifuateni! Haraka!" Binti akakiweka kigoda kichwani, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Fundi alibaki amekaa. Aliletewa biskuti, akaishika. Baadaye akaona afadhali akalione darasa la mwanawe, walau ajue amekaa upande gani, maana mtoto yule macho yake hayaoni ubao wa mbali. Akapita ujia wa madarasa akichungulia. La kwanza safi, kila mtoto kwenye dawati lake. La pili vile vile, wamekaa kwa nafasi. La tatu, la nne. Hakuna kigoda hata kimoja. Na yeye aliyekuwa anachungulia, ghafla akajiona yuko peke yake dirishani. Shule nzima haikuwa na mtoto mmoja wa dirishani.

Akakaza mwendo kuelekea nyuma ya jiko.

Ghala lilikuwa pale pale, na bati lake lile lile, ila kutu imezidi. Kufuli lilikuwa jipya. Akaweka sikio mlangoni. Joto la ubao likamchoma shavu, na huko ndani, katikati ya minong'ono na kikohozi, akausikia mluzi wa kifua. Mwembamba, unapanda, unakatika, unapanda tena.

"Mama?" sauti ya binti yake ilisema, karibu kabisa.

"Mko wangapi humo?"

"Sijui. Hatuonani. Kuna mtoto huku chini hapumui vizuri."

Fundi alirudi mbio, mkoba unampiga ubavuni. Mwalimu wa nidhamu alikuwa nyuma ya kiti cha Mheshimiwa, sahani mkononi.

"Nipe funguo. Kuna mtoto anapiga mluzi kifuani."

"Mama, taratibu. Mheshimiwa bado anakula. Akimaliza atapita madarasani, akiondoka nitawafungulia."

"Mtoto hatangoja amalize kula!"

"Sikiliza, mama." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. "Jina la mwanao limeandikwa kwa penseli."

Fundi akamzunguka, akainama kwenye sikio la Mheshimiwa. "Filimbi," alisema. "Ghalani kuna watoto."

Mkono wa Mheshimiwa ulisimama na kijiko. Mkono mwingine, bila mwenyewe kujua, ukapanda ukagusa kifua chake, ukatulia hapo. Kwa kitambo kile Fundi alimwona tena, yule mvulana mwenye midomo ya buluu. Kisha mkono ukashuka, ukatafuta kitambaa cha kufutia mdomo.

"Mkuu atalishughulikia, dada yangu," alisema, akarudia sahani yake.

Yule mwalimu waliyesoma naye na Mwenye Duka walikuwa wamesikia. Mwalimu huyo akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Basi Fundi akarudi ghalani peke yake. Alikwenda akijua kabisa anachokiacha nyuma: kalamu ya karani, sketi ya buluu, majuma yote ya kusimama langoni. Akapitisha kiganja pembeni mwa mlango, kama alivyokuwa anafanya baba yake kabla ya kuanza kazi, na hapo ndipo vidole vyake vilipoelewa kabla ya kichwa. Shule ilikuwa imejifunza. Baada ya siku ile walikuwa wameugeuza mlango, wakazihamishia bawaba nje, aliyefungiwa ndani asizifikie tena maisha yake yote.

Mtu wa nje hawakumfikiria.

Akatoa bisibisi ya cherehani mkobani. Akavua kiatu.

"We mama!" Karani alikuwa anakuja anakimbia, anapunga mkono. "We mama, unafanya nini hapo? Unaitaka nafasi ya mwanao au huitaki?"

Ndani minong'ono ilikatika. Kisha ile sauti ikasema, karibu na bawaba sasa:

"Mama. Anza na ya chini."

"Najua," Fundi alisema, akapiga.