Geti la Buluu la Rosettenville

Rosettenville ina makanisa, ina robot, kama Waafrika Kusini wanavyoziita taa za barabarani, zinazowaka zikipenda, ina mkate wa Kireno unaonukia barabara nzima. Lakini ukimuuliza Mkongo yeyote njia, atakwambia, "Fika kwa geti ya buluu, kisha uulize." Geti hilo lilikuwa la Léocadie, fundi cherehani, aliyeishi kwenye kichochoro ambacho ramani ya simu haikijui.

Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Midrand kumposa binti yake, Benita. Léocadie akaona haya. Watu wa mitaa yenye walinzi waje kugonga chuma chenye kutu? Ijumaa akanunua rangi, akalipaka geti, likawa jeupe pe! Alilala na furaha yake.

Jumamosi chakula kikaiva, kikapoa. Mumewe, Octave, akauliza, "Mama Benita, uliwaelekeza namna gani?"

"Si kwa geti ya bu..." Léocadie akaketi chini kama gunia.

Majuto ni mjukuu. Kwao, mama wa binti hawapigii wakwe simu wala hatoki barabarani kuwatafuta. Ataonekana anamchuuza mtoto kama maandazi. Benita alikuwa chumbani, amevaa gauni aliloshonewa na mama yake, analia kimyakimya. Léocadie alitamani kulikwangua geti kwa kucha.

Mara, "Hodi!"

Gari lilikuwa limejaa pomoni. Akashuka Mreno wa mkate, akashuka mke wa mchungaji, akashuka mama Mzulu anayeuza mboga pale kona. Nyuma yao ndipo akashuka Jennifer, mama wa bwana harusi, kofia imekaa upande.

"Karibuni, mama," alisema Léocadie, hajui auweke wapi uso wake. "Munisamehe. Geti niliipaka rangi mimi mwenyewe, juu yenu, ili ipendeze."

"Mwanangu alitaka kupiga simu, nikamkataza," Jennifer alisema. "Anayeposa huuliza majirani. Tukaulizia geti la buluu, wakasema halipo. Tukamuulizia mama wa Benita, wakagombania kupanda gari! Huyu umemshonea watoto sare, huyu ulimuuguza, na huyu wa mkate hakuacha kukusifu kwa Kiingereza njia nzima."

Mreno akaitikia kwa kichwa, ingawa hakuelewa neno la Kiswahili.

Léocadie akacheka huku machozi yakimtoka, akamwambia Octave aongeze sahani.

"Nilikuja na maswali mengi kuhusu nyumba hii," Jennifer alisema, akivua viatu mlangoni. "Yameisha yote garini. Mwiteni binti yetu nimwone."