Siku niliyopanda Kilunga na mama mukwe

Mimi Kasimu wa Lusangi, hasira yangu inajulikana. Siku moja niligombana na bibi yangu Safi, nikasema kazi ya mama yake ni kusuka mikeka na fitina. Ulimi hauna mufupa. Kesho yake Safi akabeba nguo zake, akarudi kwao.

Mwezi muzima nilikula mihogo ya kuchoma peke yangu. Nikatuma watu, bure. Mwisho mama mukwe, Émérance, akajibu kwa kinywa cha Fidèle, kaka ya Safi: "Anayetaka bibi yake, apande mulima Kilunga pamoja na mimi, anibebee majani ya mikeka." Majani yenyewe yanaota juu kabisa, kwenye potopoto, matope yanayomeza mutu, mahali hata wawindaji hawaendi. Kapita, musimamizi wetu wa kazi ya pamba, akatupa ruhusa ya siku moja, na matusi juu yake.

Lakini kwetu mama mukwe haangaliwi usoni, wala hasemeshwi! Na tulikuwa sisi wawili tu. Mama akatangulia, mimi hatua thelathini nyuma, macho porini. Akiwa na neno, anasema na kitunga chake cha kubebea majani: "Ee kitunga, umwambie mutu huyo jiwe linateleza." Nami: "Ee kitunga, umwambie mama nimesikia." Bwana, nilitaka kucheka, nikaogopa.

Karibu na kilele udongo ukaanza kumeza miguu. Mama alikuwa anakanyaga vichaka vya majani, kimoja kimoja. Mimi, kwa heshima, nilikuwa naangalia mawingu. Nikazama. Magoti, kiuno, halafu kifua.

"Ee kitunga!" nikalia. "Umwambie mama nakufa!"

"Kitunga," akasema, "umwulize kama iko na matusi mengine."

Heshima yote ikanitoka. Nikamuangalia usoni.

"Mama, nilikosa! Nilikutukana bure. Bila Safi nyumba iko kimya, hata kuku wananikimbia. Unisamehe, hata kama utaniacha humu."

Akarudi nyuma, akalala kifudifudi juu ya majani, akanishika mukono, akavuta. Nguvu gani ile! Nikatoka na potopoto mpaka kwenye ndevu. Niliona haya sana. Yeye akacheka mpaka akakaa chini.

Juu ya Kilunga upepo ulikuwa muzuri. Tukakata majani, tukala mihogo, kila mutu amegeuka upande wake, lakini roho zimetulia. Nilikuwa na furaha, sifichi. Wakati wa kufunga muzigo nikaona ni mudogo sana, hautoshi mukeka wa mutu muzima.

"Mama, tumetembea tangu jogoo la kwanza kwa majani haya tu?"

"Yanatosha," akasema, huku anafunga kamba. "Safi iko na mimba ya miezi mitatu. Nilitaka kujua kwanza kama baba ya mutoto anajua kuomba musamaha."